Kukagua nyumba ndogo ya kulelea wazee kabla mzazi wako hajahamia

Nyumba ndogo ya kulelea wazee, ile yenye wakazi wanne, sita au kumi, ina kitu ambacho makao makubwa hayakipati kirahisi. Mhudumu anajua nani hulalia ubavu wa kushoto, nani huamka saa 9 usiku kwenda chooni, nani akinyamaza ujue anaumwa. Lakini hapo hapo kwenye uchache wa watu ndipo hatari ilipo. Wahudumu ni wawili, pengine mmoja. Akishikika bafuni na mzee mmoja, waliobaki sebuleni hawana mtu. Akiugua, nyumba nzima imeyumba.

Kwa hiyo ukienda kukagua, swali la kutembea nalo chumba hadi chumba ni hili: anayefanya kazi hii asipokuwepo, au akiwa ameshikika kwingine, nani anaifanya, na atajuaje namna ya kuifanya? Makochi mapya, maua na rangi ya ukutani havijibu swali hilo. Majibu yako kwenye zamu ya usiku, bafuni, na kwenye karatasi ya dawa.

Anza na mzee mwenyewe

Kabla hujapiga simu popote, andika ukurasa mmoja kuhusu mzazi wako. Anainuka kitini mwenyewe au kwa msaada wa mtu mmoja, au wawili? Usiku anaamka mara ngapi? Anatumia dawa ngapi, saa ngapi? Hupaliwa akinywa maji? Huwa anatoka nje na kupotea? Ana uzito gani leo? Nyumba inayomfaa jirani yako inaweza kuwa hatari kwa mzazi wako, kwa sababu tu yeye anahitaji mikono minne kumnyanyua na usiku kuna miwili.

Nyumba inayojua kazi yake itataka kuja kumwona mzee kabla ya kumkubali, nyumbani au hospitalini, na itauliza maswali magumu kuliko yako. Ikimkubali kwa simu bila kumwona, inachotafuta ni kujaza kitanda.

Omba kuona leseni yenyewe. Usitosheke kuambiwa kwamba ipo. Soma tarehe ya mwisho, idadi ya wakazi inayoruhusiwa, na kama inaruhusu watu wasioweza kutoka kitandani au wenye ugonjwa wa kusahau. Kisha hesabu vitanda. Leseni ya watu sita na vitanda vinane ni jibu tosha. Unaweza kuaga hapo hapo. Ripoti za ukaguzi zikipatikana, usiogope kosa moja lililorekebishwa, maana hakuna nyumba isiyo nayo. Tafuta kosa lile lile lililoandikwa mwaka huu na mwaka jana.

Nenda mara tatu, na kaa

Mara ya kwanza kwa miadi. Mara ya pili bila taarifa, wakati wa chakula. Mara ya tatu jioni au mwisho wa wiki, pale mwenye nyumba anapokuwa mapumzikoni. Kila mara kaa sebuleni angalau saa nzima. Dakika 15 za kwanza kila mtu anakuangalia wewe. Baada ya nusu saa wanarudi kwenye desturi zao, na hizo ndizo ulizofuata. Nyumba ikikuambia ndugu huja kwa saa zilizopangwa tu, uliza sababu na uwe mgumu kuridhika.

Sikiliza namna wanavyosema na wazee. Mhudumu mzuri hujiinamisha hadi macho yake yakutane na ya mzee aliyekaa, humwambia anachotaka kufanya kabla ya kumshika, kisha humsubiri aitikie. Mbaya humsukuma kiti kutoka nyuma bila neno, au humsemea mbele yake kana kwamba hayupo. Haya hayafichiki kwa saa nzima.

Harufu nayo ina lugha yake. Harufu ya mkojo sehemu moja asubuhi ni ajali ya muda huo. Harufu iliyoingia kwenye makochi na mapazia maana yake watu hawapelekwi chooni kwa wakati, na manukato makali kila kona ni njia ya kuifunika.

Usiku

Uliza kwa maneno haya haya: mhudumu wa usiku anakesha au analala? Vyote viwili vipo, na aliyelala anaweza kutosha kwa wazee wanaojimudu. Hatoshi kwa anayeamka mara tatu, anayetangatanga au anayegeuzwa kitandani. Kisha uliza: mzee akianguka usiku na anahitaji watu wawili kumnyanyua, wa pili ni nani, anakaa wapi, na anafika kwa dakika ngapi?

Omba kuona ratiba ya zamu ya wiki mbili zilizopita. Ya wiki ijayo ni ahadi. Iliyopita inaonyesha nani alikuwepo kweli. Jina moja likitokea mchana, usiku na mchana tena mfululizo, huyo mtu anafanya kazi akiwa amechoka hoi, na uchovu ndio unaozaa dozi za dawa zilizorudiwa na wazee walioachwa chooni. Uliza pia ni wangapi wameacha kazi mwaka uliopita. Nyumba yenye wahudumu wanne ikipoteza watatu, hakuna tena anayejua nani hulalia ubavu upi.

Bonyeza kengele ya kuita ukiwa chumbani, na uangalie saa. Dakika moja au mbili ni vizuri. Zikipita tano mchana, na mgeni yupo, fikiria itakuwaje saa 9 usiku. Bafuni, kamba ya kengele inapaswa kufika karibu kabisa na sakafu, kwa kuwa anayeihitaji sana ni yule aliyeanguka chini. Mara nyingi utaikuta imefungwa fundo juu ili isilowe wakati wa kupiga deki. Ifungue, na utazame kama wanajali.

Bafuni

Beba kipimajoto, hata kile kidogo cha maji ya kuogeshea mtoto. Fungua bomba la maji moto, acha yatiririke dakika mbili au tatu hadi yafike kwenye ukali wake wote, ndipo upime. Kwa kuoga, maji yanayotoka bombani yasizidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Kwa nyuzi 60, ngozi inaungua vibaya ndani ya sekunde tano hivi. Ya mzee ni nyembamba zaidi, anachelewa kusikia moto, na hata akiusikia hawezi kuruka nje ya beseni.

Hapa watu hukosea kwa kushusha moto wa tangi lote. Tangi linapaswa kubaki karibu na nyuzi 60, kwa sababu maji ya uvuguvugu yaliyotuama huotesha bakteria wa legionela, wanaoleta nimonia kali. Dawa yake ni vali ya kuchanganyia maji iliyofungwa karibu na bomba, inayozuia ukali usipite kiwango kilichowekwa. Ukijibiwa “sisi tunachanganya kwa mkono”, basi usalama wote wa kuungua uko kwenye mkono wa mtu mmoja mwenye haraka. Inawezekana, lakini watumie kipimajoto na waandike kipimo kila wanapoogesha.

Shika kila kishikio na ukivute kwa uzito wako. Kikitikisika, hakimfai mtu anayeteleza. Chuma cha kuanikia taulo hakihesabiki kuwa kishikio. Kitang'oka na plasta yake. Unene unaoshikika vizuri ni kati ya milimita 32 na 38. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48, kwa kuwa kilicho chini zaidi ndicho kinachomrudisha mzee nyuma anapojaribu kuinuka. Geuza kiti cha kuogea juu chini uone mipira ya miguu: ikiwa imelika hadi plastiki, kinateleza kwenye sakafu yenye sabuni.

Tazama mlango nao. Unaofunguka kwa ndani ni mtego: mzee akianguka nyuma yake, mwili wake unauzuia, na kila ukisukuma unamuumiza. Ufunguke kwa nje, au uweze kutolewa kwenye bawaba, na kitasa kiweze kufunguliwa kutoka nje.

Karatasi ya dawa

Kama una muda wa kukagua kitu kimoja tu, kiwe hiki. Omba kuona karatasi ya kuandikia dawa ya mwezi uliopita, jina la mkazi likiwa limefunikwa. Kila dozi ina kisanduku chake, na kila kisanduku kinasainiwa na aliyetoa, papo hapo baada ya mzee kumeza.

Sasa isome polepole. Visanduku vitupu ni dozi ambazo hakuna anayejua kama zilitolewa. Hatari ni kwamba mhudumu wa zamu inayofuata atatoa tena. Kwenye karatasi ya mwezi huu, visanduku vya jioni vilivyojazwa na bado ni mchana vinaonyesha watu wanasaini kwanza na kutoa baadaye, au kutotoa kabisa. Mwezi mzima wenye wino mmoja na mwandiko ulioinama vile vile siku zote 30 ulijazwa kwa mkao mmoja. Na karatasi isiyo na dozi hata moja iliyokataliwa au kuahirishwa haiaminiki, kwa sababu binadamu hukataa dawa, hutapika, huenda hospitali. Karatasi nzuri ina alama hizo na sababu zake.

Halafu angalia kazi yenyewe wakati wa dawa. Vikombe vidogo visivyo na majina, vimepangwa kwenye trei tangu asubuhi, ndivyo vinavyompa mzee mmoja dawa ya presha ya mwingine. Vidonge vikisagwa ili vimezeke, uliza nani aliruhusu. Vile vilivyotengenezwa kuyeyuka taratibu kwa siku nzima, ukivisaga, dozi yote inaingia mwilini kwa mara moja. Kabati la dawa liwe limefungwa, na ufunguo uwe mwilini mwa aliye zamu. Ukining'inia kwenye msumari pembeni, kabati hilo ni wazi. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandisha, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikionekana sawa.

Dawa za kutuliza na za usingizi zinahitaji jicho la peke yake. Ukiingia saa 5 asubuhi na kuwakuta wote wamelala vitini videvu vikiwa kifuani, usidhani ni utulivu. Uliza ni wakazi wangapi wanatumia dawa hizo “ikihitajika”, nani huamua kwamba imehitajika, na kama sababu huandikwa kila mara. Mzee aliyeleweshwa na dawa hanywi maji, hupaliwa, huanguka akiinuka, na hupata vidonda kwa kukaa bila kujisogeza. Mhudumu mmoja aliyezidiwa hushawishika kumlaza anayesumbua. Ndiyo maana kuuliza idadi ya wahudumu na kuuliza dawa hizi ni ukaguzi mmoja.

Ngozi, uzito, maji

Uliza moja kwa moja: kuna mkazi mwenye kidonda cha kulalia kwa sasa? Alikuja nacho au amekipatia hapa? Hutokea pale mfupa unapobana ngozi dhidi ya kitanda au kiti: juu ya makalio, visigino, nyonga, vifundo, viwiko. Kwenye ngozi nyeupe, dalili ya mwanzo ni wekundu ambao ukiubonyeza haupauki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, na wengi huchelewa kwa ajili hiyo. Linganisha sehemu hiyo na ya jirani yake kwa kiganja, utafute weusi uliozidi, ujoto, ugumu au ulaini usio wa kawaida. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kwa kawaida kila saa mbili hivi, kutegemea ngozi yake na godoro, na aliye kitini husogezwa mara nyingi zaidi. Karatasi ya kugeuza iwepo na iwe na saa zilizoandikwa, usiku pia. Visigino vielee hewani, mto ukiwekwa chini ya miguu. Mto wa duara wenye tundu katikati usitumike. Unabana damu kuzunguka pale pale unapodai kuokoa.

Wakazi wapimwe uzito angalau kila mwezi kwa mizani ile ile. Kupoteza asilimia 5 kwa mwezi, au asilimia 10 kwa miezi sita, ni jambo la kumwita daktari. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3 kwa mwezi mmoja. Nguo zitakuambia umechelewa, mizani huwahi.

Alasiri, pita kwenye vyumba uangalie glasi za maji. Glasi iliyojaa mbali na mkono maana yake maji yaliwekwa na hayakunywewa. Mzee mwenye afya ya kawaida anahitaji vinywaji vya takriban lita 1.6 hadi 2 kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Mezani, tazama mkao: anayepaliwa akae wima, alishwe kijiko kidogo na kusubiriwa ameze, kisha abaki wima kama dakika 30. Sauti inayokoroma kama yenye maji baada ya kunywa ni dalili kwamba kinywaji kimekwenda njia ya hewa. Muulize mhudumu anafanya nini akiisikia. Anayejua atasema anasimamisha kulisha, na atajua nani wa kumjulisha.

Moto na milango

Jaribu mlango wa kutokea mwenyewe. Ufunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo, gizani. Madirisha yenye nondo yawe na angalau moja linalofunguka kwenye kila chumba cha kulala. Omba wabonyeze kitufe cha majaribio cha kengele ya moshi moja. Zote zilie, maana inayolia chumba cha nyuma peke yake haimwamshi mtu wa mbele. Mshale wa mtungi wa kuzimia moto uwe kwenye kijani. Milango ya vyumba iliyozuiwa kwa kabari ili isijifunge inaruhusu moshi upite nyumba nzima kwa dakika chache, na moshi ndio unaoua kabla ya moto.

Kisha swali lenye uzito: mara ya mwisho mlifanya lini zoezi la kutoka nje kwa idadi ya wahudumu wa usiku, na lilichukua dakika ngapi? Zoezi la mchana lenye watu watano halisemi lolote kuhusu usiku wa mtu mmoja. Wasiotembea walale chini, si ghorofani. Anayetumia mashine ya oksijeni awe na mtungi wa akiba kwa siku umeme ukikatika, na pasiwe na sigara wala mshumaa karibu naye.

Kwa wenye kusahau, mlango wenye kengele inayolia unapofunguka ni bora kuliko kufuli. Kumfunga mtu kitini kwa mkanda au kwa meza isiyotoka hakumzuii kuanguka. Huanguka pamoja na kiti. Vizuizi vya pembeni mwa kitanda navyo vimeua watu kwa kuwanasa shingo au kifua. Pima nafasi kati ya vyuma na kati ya kizuizi na godoro. Isifike sentimita 12. Kitanda kinachoshushwa karibu na sakafu, na godoro jembamba pembeni, ni salama zaidi kwa wengi.

Mkataba na pesa

Upeleke nyumbani ukausome. Nyumba inayokataa usiondoke nao haitaki usomwe. Tafuta majibu ya haya:

- Ada inajumuisha nini, na nini kinalipwa kando: nepi, usafiri wa hospitali, msaada wa usiku, mtu wa pili.
- Hali ya mzee ikizidi kuwa ngumu, ada inapanda kwa kipimo gani na kwa notisi ya siku ngapi.
- Akilazwa hospitali, kitanda kinatunzwa siku ngapi na kwa bei gani.
- Akifariki, malipo yanakoma lini na amana inarudi lini.
- Kwa sababu zipi wanaweza kumtaka aondoke, na ndani ya muda gani.

Usisaini mahali panapokufanya mdhamini wa deni kwa fedha zako mwenyewe kama hukukusudia. Pesa ndogo za mzee ziwe na daftari na risiti. Mhudumu au mwenye nyumba asishike kadi yake ya benki, na asiwe mrithi wake.

Wiki za kwanza baada ya kuhamia

Siku ya kuhamia, andika uzito wake, orodha ya dawa iliyosainiwa na daktari, hali ya ngozi yake kuanzia kichwani hadi visigino, na vitu alivyokuja navyo, pamoja na miwani, meno ya bandia na kifaa cha kusikia. Piga picha. Bila kumbukumbu hiyo, baada ya mwezi mtabishana alama ilikuwepo au haikuwepo.

Wiki mbili za mwanzo huwa na huzuni na kuchanganyikiwa hata pazuri, kwa hiyo machozi peke yake yasikushtue. Yanayopaswa kukushtua ni mengine: michubuko ya umbo la vidole kwenye sehemu ya ndani ya mikono, nepi iliyolowa kila unapofika, usingizi mzito mpya, mzee anayekaza mwili mhudumu fulani akikaribia, na maelezo yanayobadilika kila unapouliza. Piga picha yenye tarehe, uliza kwa maandishi, udai jibu la maandishi, na upeleke nakala kwa mamlaka iliyotoa leseni. Ukiona ameumizwa, au anaachwa peke yake wakati haruhusiwi kuachwa, muondoe siku hiyo hiyo na mpeleke akapimwe na daktari, ambaye ataandika alichokikuta mwilini. Amana na barua mtazishughulikia baadaye.